Dripu Isiyoandikwa

Kwa miaka tisa nilikwenda kazini kila siku nikisubiri mwanamke mmoja akosee. Sikuwa nasubiri kosa kubwa. Hata dogo lingenitosha: kichupa kimoja cha dawa kisichoandikwa, sindano moja iliyotangulia wakati wake, saini moja iliyosahauliwa. Nilikuwa mkunga chini yake katika kituo cha afya upande wa Muleba, na yeye alikuwa msimamizi wa wodi ya wazazi. Sisi wauguzi tulimwita Inchaji. Wazazi na ndugu zao walimwita Mama. Mimi sikumwita Mama hata siku moja, na nadhani aliliona hilo.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo watayaeleza waombolezaji wake siku ikifika, na mimi sitakuwepo. Nitaeleza ninayoyajua mwenyewe.

La kwanza nililijua nikiwa kidato cha pili. Dada yangu Devotha alikuwa na mimba ya pili. Uchungu ulimwanza asubuhi, na kabla hajatoka nyumbani mama yetu alimchemshia majani, kikombe kimoja, kama yeye mwenyewe alivyochemshiwa na mama yake. Mama hakuwa mganga. Alikuwa yule mwanamke wa kijiji anayeitwa mzazi anapoanza kuumwa, wa kushika mkono na kuchemsha maji mpaka usafiri upatikane. Wakaenda kituoni wao wawili. Mimi nilifuata saa sita mchana na chupa ya uji.

Wodi ilikuwa imejaa. Wazazi wawili walikuwa wamelala chini kwenye magodoro wakisubiri vitanda. Devotha alikuwa kitanda cha dirishani, na pembeni yake alisimama muuguzi mrefu aliyekuwa akizungumza na mtu mwingine nyuma yake. Bila kukatisha mazungumzo alivunja shingo ya kichupa kidogo, akavuta dawa kwa sindano, akaiingiza kwenye chupa ya maji iliyoning'inia juu ya kitanda cha dada. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilikaa. Uji ulipoa kwenye kikombe kwa sababu Devotha hakupata nafasi ya kuunywa. Aliniambia uchungu haumwachii hata pumzi moja. Baada ya muda akanishika mkono, akasema kuna kitu kimekatika ndani. Halafu maumivu yakaisha.

"Afadhali sasa," akasema.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Alifia njiani kabla gari halijafika Bukoba, na mtoto akiwa bado tumboni.

Kwenye faili iliandikwa kwamba mzazi alikunywa dawa za kienyeji, mfuko wa uzazi ukapasuka. Maneno hayo yalifika kijijini kabla ya jeneza. Msibani wanawake walimwachia mama benchi zima, kana kwamba ananuka. Hakuna aliyemwita tena kwa mzazi yeyote. Baba aliishi miaka mingine mitano, na katika miaka hiyo yote hakula chakula alichopika mama. Alikwenda kula kwa dada yake, ng'ambo ya kibanja, shamba letu la migomba, akarudi kulala. Hakumpiga, hakumtukana, hakumfukuza. Hakula tu. Mama aling'oa mimea yote ya dawa iliyokuwa nyuma ya nyumba, akapanda maharage.

Mimi nilikuja kuelewa nikiwa mwaka wa pili wa chuo cha uuguzi. Mwalimu alikuwa anafundisha oksitosini, dawa ambayo mkunga humchoma mama mara mtoto anapotoka, ili damu isimwagike. Akasema dawa hiyohiyo ikiwekwa kwenye dripu kabla ya mtoto kutoka, ili kuharakisha uchungu, ni kazi ya kuamriwa na daktari, kwa kuhesabu matone, mahali penye chumba cha upasuaji. Nje ya hapo ni kuvunja sheria na ni kuua. Akataja dalili za mfuko wa uzazi kupasuka: uchungu usiopumzika, kitu kukatika, halafu nafuu ya ghafla. Aliposema nafuu ya ghafla niliomba ruhusa, nikaenda kukaa chooni mpaka kengele ya chakula. Nilipotoka nilikuwa nimeshajua ninataka kufanya kazi wapi na chini ya nani.

Nilitarajia kumkuta mzembe. Mzembe ningemmaliza kwa mwezi mmoja.

Nilimkuta mwanamke mkavu, mrefu, anayetembea kwa raba zisizo na sauti, aliyekata kucha zake mbele yetu kila Jumatatu na kutukagua zetu. Mfukoni mwa gauni alikuwa na amwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyofungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Alitafuna punje mbili tatu akizungukia vitanda. Alinukia kahawa na sabuni ya mche. Hata leo harufu hizo mbili zikikutana sokoni, nageuka nyuma kumtafuta.

Kwa dawa hakuwa na utani. Hakuna dawa iliyotoka kwa mkono wa mtu mmoja. Tulisimama wawili, mmoja akasoma kwa sauti jina, kipimo na tarehe ya mwisho, mwingine akarudia, ndipo kichupa kikavunjwa. Oksitosini ikikaa kwenye joto inakufa bila kubadilika rangi, alituambia, na mama anachomwa maji matupu huku ninyi mnajisifu kuwa mmemtibu. Kwa hiyo asubuhi na jioni aliandika mwenyewe joto la jokofu. Wakati mmoja umeme ulipokatika siku nne, alipanga vichupa kwenye chombo cha barafu, akapanda bodaboda akiwa amekipakata mapajani kama mtoto, akavipeleka kwenye zahanati ya jirani yenye jokofu la sola. Akaenda hivyo mara mbili kwa siku, asubuhi kuvichukua na jioni kuvirudisha, kwenye mvua, mpaka umeme uliporudi.

Kwa wazazi alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kwetu alikuwa pilipili. Mkunga aliyemfokea mzazi alipelekwa kufua mashuka kwa mkono, hata kama mashine ilikuwa nzima. Wanawake waliofika wamekunywa dawa za majani hakuwagombeza. Sehemu nyingine waliaibishwa mbele za watu, wakajifunza kuficha. Yeye aliwauliza mlangoni, taratibu, kwa Kihaya, wamekunywa nini na saa ngapi. Akaandika. Akasema huyu hakuna kumgusa na chochote, tunakaa naye. Na alikaa naye, mkono juu ya tumbo, saa nzima kama ni saa nzima. Wenzangu walimsifu kwa hilo. Mimi niliangalia mkono ule juu ya tumbo la mwanamke mwingine, nikauliza moyoni kwa nini haukuwa juu ya tumbo la Devotha.

Alikuwa na misemo yake. "Uchungu haupigwi kiboko," aliwaambia wanafunzi waliokuja kwa mafunzo. Wakaandika kwenye madaftari yao. "Oksitosini kabla ya mtoto ni mwizi, baada ya mtoto ni mlinzi." Wakaandika na hilo. Na ule aliourudia kuliko yote: "Kisichoandikwa hakikufanyika." Alimaanisha kwamba mkunga akitoa dawa bila kuandika, mbele ya sheria ni kama hakuitoa, na akiulizwa hana pa kusimama.

Hilo la tatu nililisikia nikiwa nimeshaingia kwenye stoo ya mafaili ya zamani. Nilitafuta kwa wiki tatu, muda wa chakula, kwenye vumbi na mavi ya panya, mpaka nikapata faili la dada yangu. Kurasa tatu, mwandiko wa Inchaji. Alama za mapigo ya moyo wa mtoto zilikuwepo. Sentensi kwamba mama wa mgonjwa amekiri kumpa dawa za kienyeji ilikuwepo, imepigiwa mstari. Dripu haikuwepo. Nilisoma mbele, nikasoma nyuma, nikaangalia na ukurasa kwenye mwanga wa mlango. Haikuandikwa, basi haikufanyika. Alijua ukweli wa msemo wake kuliko sisi sote.

Nilikuwa na macho yangu tu, macho ya msichana wa kidato cha pili. Nani angenisikiliza? Nikaamua kusubiri. Mtu aliyefanya mara moja atafanya tena, nilijiambia. Nikanunua daftari, nikalificha kwenye kabati langu la nguo za kazi, nikaanza kuandika makosa yake.

Yalikuwa machache mno. Alichelewa kikao. Alisahau kuandika saa kwenye ukurasa mmoja, akarudi baadaye akaandika na kueleza kwa nini amerudi. Alimwita muuguzi mmoja kichwa cha kambale. Miaka ilipita na daftari halikujaa kurasa nne.

Siku moja nilidhani Mungu amenisikia. Mfanyabiashara mmoja mkubwa alimleta mke wake, mimba ya kwanza, na kufikia saa nane mchana alikuwa amechoka kusubiri. Alikuwa na safari. Akamfuata Inchaji kwenye meza yake, akamwambia anajua ipo sindano ya kuharakisha, mke wake achomwe. Mganga mfawidhi, mkubwa wa kituo, alikuwa rafiki wa yule bwana, na alisimama pale akitazama viatu vyake. Nilisogea karibu. Choma, nilisema kimoyomoyo. Choma leo, mbele yangu.

Inchaji alitoa kalamu mfukoni, akaiweka mezani mbele ya yule bwana.

"Andika hapa jina lako kwamba wewe ndiye unayeamuru," akamwambia. "Halafu nenda Bukoba ukanitafutie daktari wa upasuaji, aje asimame pale mlangoni na kisu chake. Akifika nitachoma."

Yule bwana akaenda kukaa kwenye gari lake. Mke alijifungua salama kabla jua halijazama. Wauguzi walicheka wiki nzima wakiigiza sauti ya Inchaji. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Kila alipofanya jambo sawasawa nilihisi ametwaa kitu cha dada yangu akampa mtu mwingine.

Ndipo nikafanya nililofanya. Sijawahi kulisema, na sasa nalisema.

Asubuhi moja tulikuwa tunasubiri wakaguzi kutoka wilayani. Nilifika mapema, nikasubiri aandike joto la jokofu na kuacha funguo mezani, nikatoa boksi la oksitosini, nikaliweka dirishani kwenye jua, nikalifunika nusu kwa taulo ili lionekane kama limesahauliwa. Funguo za jokofu zilikuwa jukumu lake. Wakaguzi walipofika lilikuwa limekaa pale kwa muda wa karibu saa nne. Inchaji akafungua jokofu mbele yao, akakuta nafasi tupu. Akageuka, akaliona boksi. Akatutazama sisi watatu tuliokuwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na kwangu macho yake yakakaa zaidi kuliko kwa wenzangu. Kisha akawaambia wageni kwamba alilitoa yeye wakati anasafisha jokofu, akasahau. Akaweka vichupa vyote kwenye sanduku la dawa za kuharibiwa, akafungua kitabu, akaandika kwamba vimeharibika kwa joto kwa uzembe wake, akatia saini.

Alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Mganga mfawidhi aliisoma kwenye kikao, yeye akiwa amesimama. Nilifurahi. Sitasema uongo hapa. Nilikwenda nyumbani nikapika ndizi kwa samaki, nikala nikashiba kama mtu aliyetoka harusini.

Siku ya tatu boksi jipya lilikuwa bado halijaletwa. Vilibaki vichupa viwili kwenye trei ya dharura. Akaja mwanamke wa mimba ya nne, akajifungua vizuri, akachomwa kichupa cha kwanza, kondo la nyuma likatoka zima. Halafu damu ikaanza. Tukatumia cha pili. Damu haikusimama. Inchaji alivaa glavu ndefu, akaingiza mkono mmoja, akakunja ngumi, na kwa mkono wa pili juu ya tumbo akaubana mfuko wa uzazi katikati ya mikono yake miwili. Hivyo ndivyo tulivyompakia kwenye gari la wagonjwa. Mimi nilishika dripu. Yeye alipiga magoti kwenye sakafu ya gari toka Muleba mpaka Bukoba, kwenye kila kona na kila tuta, na hakulegeza. Yule mwanamke alikuwa akinitazama mimi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilijua, akifa, ni nani atakuwa amemuua.

Hakufa. Walimpokea, wakamwongezea damu, akapona. Sisi tukatoka kwenye uwanja wa hospitali, kwenye bomba. Inchaji alinawa mpaka kwenye viwiko. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, hakuweza kufunga koki. Nikaifunga mimi.

"Adelina," akasema bila kunitazama. "Mimi nichukie. Ni haki yako. Lakini usinipitie kwa tumbo la mwanamke mwingine."

Nikarudi kwenye gari. Ile "haki yako" ilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki, lakini sikuthubutu kuuliza maana yake, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri habari ya dirisha. Daftari langu nililichoma jikoni. Kumchukia sikuacha. Niliacha kugusa dawa kwa ajili ya chuki, basi. Tangu siku ile nimekuwa mkali wa kitabu cha dawa kama yeye, pengine kumzidi, na wauguzi wangu hawanipendi.

Alipostaafu alinipendekeza mimi nichukue nafasi yake. Kwenye sherehe ya kumuaga walimpa blanketi na kitenge, nami nikapangwa kutoa neno la shukrani. Nilisema kwamba hajawahi kutoa dawa bila kuiandika kwa miaka yote niliyofanya naye kazi. Nilisema hajawahi kumharakisha mzazi. Kila neno lilikuwa kweli. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Ikapita miaka mitatu. Nilihamishiwa Bukoba, nikapanga chumba Hamugembe. Mama alibaki kijijini na mdogo wangu wa kiume na mke wake. Mwaka jana yule mke akapata mimba, na nilipokwenda kuwasalimu nilikuta mama amehamishia mkeka wake kwenye jiko la nje. Nilimuuliza kwa nini analala kwenye moshi na nyumba ipo. Alisema atarudi ndani mtoto akishazaliwa.

"Mikono yangu isikae naye karibu," akasema. "Nisije nikaua na huyu."

Alisema hivyo akichambua maharage, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Miaka kumi na minane ilikuwa imepita tangu Devotha. Nilirudi Hamugembe. Kesho yake asubuhi niliazima gari la mfanyakazi mwenzangu, nikaenda Kaagya, alikohamia Inchaji baada ya kustaafu.

Nilimkuta nyumbani kwake akigeuza kahawa kwenye mkeka. Alikuwa amepungua. Mguu mmoja ulikuwa umevimba, amefungua kamba za raba. Alinyanyuka kwa shida, akanisalimu, akaagiza kiti. Sikukaa. Nilimtajia jina la dada yangu, lote, na jina la baba yetu.

"Kitanda cha dirishani," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine yote: akane, asahau, alie. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alikaa yeye kwenye kile kiti, akanieleza bila kuulizwa. Siku ile alikuwa peke yake na wazazi watano. Devotha alikuwa anakwenda vizuri, pole pole, hakuwa na tatizo lolote. Yeye alitaka kitanda kiwe wazi, ndiyo sababu yote. Hakuna daktari aliyeamuru. Matone hakuyahesabu. Alipoona mambo yameharibika aliing'oa ile chupa akaimwaga kwenye sinki.

"Mama yenu aliniambia habari ya majani," akasema. "Aliniambia mlangoni, kabla sijamgusa binti yake. Kila kitu, jani gani na saa ngapi. Mkunga akishaambiwa vile anajua mfuko wa uzazi tayari umechokozwa, anakaa mbali na dripu. Mimi niliambiwa na bado nikatundika. Halafu nikachukua lile alilonipa kwa uaminifu, nikajifunika nalo."

Nilimuuliza tangu lini anajua mimi ni nani. Akasema tangu siku jina langu lilipofika wilayani. Nilikuwa nimepangiwa zahanati ya visiwani. Alikwenda mwenyewe kuniomba.

"Kwa nini?"

"Nilitaka mle wodini kuwe na mtu mmoja asiyeniamini."

Nilisimama pale kwenye uwanja wake, na hasira iliyonipanda haikufanana na ile ya zamani. Miaka tisa nilidhani namwinda. Kumbe hata chuki yangu aliipangia zamu, akaifanyisha kazi ya wodi. Ikamshika mkono asikosee tena, akalala usingizi, wakati mama yangu analala kwenye moshi.

"Ungeandika ukweli," nikamwambia.

"Ningefungwa."

"Mama amefungwa miaka kumi na minane."

Akasema ataandika barua kwa baraza la wauguzi, aeleze yote, atie saini, hata kesho. Nilimwambia baraza litasubiri zamu yake. Nikamfungulia mlango wa gari. Akaomba kwanza abadilishe nguo, kwa maana gauni lilikuwa na maganda ya kahawa. Nikamwambia twende hivyohivyo.

Tulipita mjini, tukashika barabara ya Biharamulo. Aliongea mara moja tu, karibu na Muleba, akauliza kama mama bado anasikia vizuri. Nilisema anasikia vizuri sana.

Mama alikuwa kwenye mlango wa jiko akimenya ndizi. Aliinua macho, akamtambua kabla hatujafika karibu. Niliona kisu kimesimama. Kisha kikaendelea. Inchaji alimsalimu kwa heshima zote, akimwita Ma Paskazia, akabaki amesimama na mguu wake ule. Akasema aliyokuja kusema. Alisema kwa Kiswahili, kile cha wodini, kilichonyooka: dripu, dozi, uamuzi, faili. Mama alimenya mpaka ndizi za kwenye beseni zikaisha.

"Sema kwa Kihaya," mama akasema.

Kwa Kihaya ilikuwa kazi nyingine. Maneno yale ya wodini hayakuwepo ya kujificha nyuma yake. Alipaswa kusema nilimtilia mwanao dawa nisiyoruhusiwa kumpa, akapasuka, uliniambia ukweli nami nikautumia kukuua wewe mbele za watu. Sauti ilimkatika mara mbili. Mama hakumsaidia. Alipomaliza, mama aliuliza jambo moja tu: na kile kikombe changu?

"Uliniambia," Inchaji akajibu. "Ukishaniambia, kilikuwa mikononi mwangu. Alikuwa anakwenda vizuri. Ni mimi."

Mama alifuta kisu kwenye kanga yake, pande zote mbili. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, nimesimama kando ya gari. Inchaji alianza kupiga magoti, kwa taabu, akishikilia ukuta, ili aombe msamaha kama unavyoombwa kwetu.

"Usipige magoti," mama akamwambia. "Kaa kwenye benchi. Hujamaliza."

Inchaji akakaa. Mama akanigeukia.

"Adelina, kawaite."

Nilimuuliza nani. Akasema wote waliokuwa msibani na bado wanapumua. Baba yako hawezi kuja, akasema, lakini dada yake yupo, yule aliyempikia miaka mitano. Naye aje, abebwe kama hawezi kutembea. Huyu atawaambia kama alivyoniambia mimi, kwa Kihaya, kila mmoja anayefika, toka mwanzo.

Inchaji alisema kwa sauti ndogo kwamba mguu unamuuma na jua linakwenda. Mama alivuta beseni la pili la ndizi, akakaa kumkabili, akaanza kumenya.

Jirani wa karibu yuko hatua chache tu nyuma ya migomba, na angefika mara moja. Nilianzia nyumba ya mbali kabisa, kule bondeni, nikatembea pole pole.